Sura ya Tano: Kompyuta Mbili, Luku Moja

Nyaya za kilovolti 220 zinazotoka Kidatu kwenda Morogoro hupita Mikumi, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kidatu kumekuwa kukizalishwa umeme tangu 1975, na uwezo wa mitambo yake ni megawati 204. Kuanzia Februari 2024 Bwawa la Nyerere kule Rufiji nalo, lililojengwa kwa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi. Kwa hiyo mkazi wa Mikumi au Kilosa hayuko mbali na umeme. Yuko mbali na umeme uliotulia. Kati ya nguzo zile kubwa na soketi ya sebuleni kwake kuna laini ndefu ya kusambazia, transfoma ya mtaa inayobeba nyumba nyingi, matawi yanayogusa nyaya wakati wa masika na mashine za kusaga zinazovuta volteji chini. Sasa mtu huyo anataka kuunda kompyuta kwa mkono wake, ya kuediti video za harusi, kwaya, mahafali na safari za hifadhini, na ambayo pia itahifadhi kazi zote za miaka kama seva. Vitabu na video nyingi za kufundisha jambo hili humwanzisha kwenye prosesa. Hoja ya sura hii ni kwamba hapa Tanzania, na hasa nje ya miji mikubwa, inabidi aanzie kwenye soketi ya ukutani kisha aingie ndani taratibu. Na akianzia huko atagundua kwamba kompyuta moja kubwa ya kufanya yote mawili haimfai. Anahitaji mbili, moja inayolala na moja inayokesha.

Kuediti ni kazi ya vipindi. Mtu anapokaa mbele ya skrini, mashine inatakiwa itoe nguvu zake zote kwa saa tatu au nne: kufungua picha zilizobanwa, kusahihisha rangi, kuchanganya sauti, hatimaye kurenda. Akiinuka, mashine haina kazi. Seva ina tabia nyingine kabisa. Kutoa faili kwenye diski na kulipeleka kwa Wi-Fi kwenye simu ya mteja ni jambo ambalo prosesa ya miaka kumi iliyopita hulifanya bila jasho, ila seva haina saa ya kupumzika. Hiyo ni tofauti ya mpasua mbao na mlinzi wa usiku, na hakuna tajiri anayemkeshesha mpasua mbao getini kwa ujira wa kupasua mbao.

Ujira huo husomeka kwenye Luku. Kompyuta ya kuediti yenye kadi ya picha, prosesa kubwa na diski mbili tatu za kuzunguka hula kati ya wati 70 na 100 hata kama hakuna anayegusa kipanya. Tuchukue 90. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, inamaliza yuniti 64.8. Katika bei ambazo EWURA iliidhinisha mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, na mteja wa T1 hulipa 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, 100 inakuwa 122 na 292 inakuwa takriban 356. Nyumba ya D1 iliyowasha kompyuta hiyo usiku na mchana imebakiwa na yuniti 10 za friji, taa, pasi na televisheni kwa mwezi mzima. Itavuka kikomo, na ikiendelea hivyo itahamishiwa T1, ambako kila yuniti ya kila kifaa, si ya kompyuta peke yake, ni karibu mara tatu ya bei ya awali. Seva ndogo yenye diski mbili inayokula wati 25 humaliza yuniti 18 tu. Kwa bei ya T1 tofauti ya hizo mbili ni kama shilingi 16,700 kwa mwezi, karibu 200,000 kwa mwaka, na kwa nyumba iliyokuwa D1 hasara ni kubwa zaidi kwa sababu inaihusu nyumba nzima. Ni fedha ambazo hazionekani siku ya kununua vifaa, ndiyo maana watu wengi huzisahau.

Atakayepinga atasema kwamba mashine mbili ni mazabodi mbili, pawa saplai mbili na makasha mawili, kwa hiyo ninamtoa mtu huyu kwenye gharama ya umeme na kumtumbukiza kwenye gharama ya dukani. Pingamizi hili lingekuwa zito kama seva ingetakiwa kuundwa upya kwa vifaa vipya. Haitakiwi. Kompyuta za ofisini za mtumba, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zimejaa Kariakoo na zinafika Morogoro, na ile ya umbo dogo yenye nafasi ya diski kubwa ndani, prosesa ya Intel ya kizazi cha sita hadi cha nane na RAM ya gigabaiti 8 inatosha kabisa. Hata laptopu iliyopasuka skrini inafaa, maana ina betri yake tayari. Sharti betri hiyo ikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa betri inayochajiwa bila kukoma mahali pa joto huvimba. Kuna pingamizi la pili, lenye ufundi zaidi: kwa nini mashine moja isilazwe na kuamshwa kupitia mtandao inapohitajika? Inawezekana. Lakini simu ya mteja anayetaka kuangalia video yake haijui kuamsha kompyuta, na kila ombi dogo litaamsha mashine nzima kwa faili moja. Tena radi, sasisho lililoharibika au programu mpya inayojaribiwa ikiiangusha mashine ya kuediti, kazi za wateja nazo zinaanguka pamoja nayo. Kutenganisha ni kinga kabla ya kuwa nafuu.

Tukishakubaliana hapo, kifaa cha kwanza cha kuchagua katika mashine ya kuediti ni pawa saplai, ambayo wanunuzi wengi huipa chenji iliyobaki. Angalia kibandiko chake. Kikisomeka volti 100 hadi 240, ina uwezo wa kuvumilia volteji inayoshuka jioni hadi 180 au 170 bila kuzimika. Ikiwa na swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230, iache dukani, kwa kuwa upande wa 230 uvumilivu wake wa volteji ya chini ni mdogo, na mtoto akigusa swichi hiyo kifaa kinaungua. Alama ya 80 Plus, mpango ulioanza Marekani mwaka 2004, inaeleza ni kiasi gani cha umeme kinapotea kama joto. Daraja la Gold hufikisha ufanisi wa kama asilimia 90 ikiwa na nusu ya mzigo. Wati nyingi kupita kiasi hazisaidii. Prosesa ya wati 65 inayopanda hadi 117 na kadi ya picha ya wati 170 vinatoshelezwa na pawa saplai nzuri ya wati 550, na ile ya 850 ni fedha iliyolala. Jambo jingine ni umbo. Kompyuta za mtumba nilizozisifu kwa kazi ya seva mara nyingi zina pawa saplai na mazabodi za umbo la mtengenezaji mwenyewe, zisizobadilishana na za wengine. Ikifa Jumamosi ya harusi, spea haipatikani Kilosa. Mashine ya kuediti, ambayo ndiyo inayolisha nyumba, iwe ya umbo la kawaida la ATX, ili fundi yeyote wa Morogoro aweze kuifufua kwa kifaa cha rafuni.

Baada ya pawa saplai ni UPS. Pawa saplai ya kawaida hushikilia mzigo kamili kwa milisekunde kama 16 au 17 umeme ukikatika, na UPS yenye kidhibiti volteji ndani yake huhamia kwenye betri kwa milisekunde 4 hadi 10, kwa hiyo makabidhiano yanafanyika bila kompyuta kujua. Lakini mtu asidanganywe na maandishi makubwa ya VA. UPS ndogo ya kawaida hubeba betri ya volti 12 na ampia-saa 7, yaani watisaa 84 kwenye karatasi, na pungufu ya hapo kwa matumizi halisi. Ikibeba mashine ya kuediti inayorenda kwa wati 300, ina dakika chache tu, za kuhifadhi kazi na kuzima. Ikibeba seva ya wati 25, inakwenda saa moja au zaidi. Hapa tena mashine mbili zinajitetea: ile inayokesha inaweza kuvushwa kwa kifaa kidogo, na mwenye betri ya sola ya ampia-saa 100, akitumia nusu tu ya chaji yake ili isife mapema, ana watisaa 600, karibu siku nzima ya seva. Mashine moja ya wati 90 ingeimaliza betri hiyo kabla ya saa saba. Seva ipangwe pia kwenye BIOS ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, la sivyo kila katizo la usiku litaiacha imezima hadi mtu aamke. Na hakuna kizuia radi kinachofanya kazi ipasavyo bila ethi. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la tatu haliendi popote. Kumlipa fundi umeme azike fimbo ya ethi na kuunganisha waya wake ni kununua kipande cha kompyuta, tena kilicho bora kuliko feni zenye taa za rangi.

Sasa prosesa. Kinachochosha mashine ya kuediti siku hizi ni kufungua picha zilizobanwa kwa H.265, ambayo iPhone imekuwa ikirekodi tangu 2017 na simu nyingi za Android zikafuata. Wingi wa viini vya prosesa husaidia kidogo tu hapo. Kinachosaidia hasa ni sehemu maalumu ndani ya chipu iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Kwa Intel sehemu hiyo inaitwa Quick Sync, imekuwepo tangu 2011, na tangu kizazi cha saba inafungua H.265 ya biti 10. Kwa hiyo yapo maduka yanayouza mashine za kazi nzito za mtumba zenye Xeon E5 za mwaka 2013 na 2014, viini 10 au 12, kwa bei inayomvutia kila anayezitazama, na zitakwama kwenye video ya simu ambayo kompyuta ya ofisini yenye Core i5 ya kizazi cha nane inaicheza vizuri. Xeon E5 haina Quick Sync kabisa, na inakula umeme kama jiko. Inaweza kuokolewa kwa kuongezewa kadi mpya ya picha, ila hapo bei rahisi imeshakuwa ghali. Kwa kosa hilohilo, Core mpya yenye herufi F mwishoni mwa jina haina sehemu ya picha. Punguzo la bei analopewa mnunuzi limekatwa kwenye kifaa anachokihitaji zaidi.

Anayerekodi kwa kamera kubwa za kisasa, Sony A7 IV au Canon R5, ana swali moja zaidi, kwani kamera hizo zinaweza kurekodi rangi ya 4:2:2 kwa biti 10. Intel imeifungua H.265 ya namna hiyo tangu kizazi cha 11. Kadi za GeForce zilichelewa hadi mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025. Kwa bajeti ya kawaida, basi, Core i5-12500 yenye sehemu yake ya picha ina faida ambayo kadi nyingi za gharama kubwa zaidi hazina, na wala haihitaji kadi ya ziada ili kuanza kazi. Wapo wanaosema Ryzen ina nguvu zaidi kwa kila shilingi, na katika kazi za hesabu nzito wana haki. Kwa video za simu na kamera zilizobanwa hivi, mashine ikiwa bado haina kadi ya picha, naamini Intel inafaa zaidi. Na kama kompyuta iliyopo haiwezi kitu kingine, kuna proksi: programu kama Kdenlive, Shotcut na DaVinci Resolve hutengeneza nakala nyepesi za kuediti, kisha hurudi kwenye picha halisi wakati wa kurenda. Proksi haziongezi shilingi kwenye bili ya vifaa, na zingewazuia wengi kukopa ili kununua prosesa.

RAM haina mjadala mrefu. Gigabaiti 32, vipande viwili vya 16 ili mazabodi ivitumie kwa pamoja, zinatosha kwa 4K ya harusi. RAM ya kusahihisha makosa ni nzuri kwenye seva, lakini si kabla ya UPS.

Diski ndizo zinazostahili muda. Picha ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Harusi yenye kamera mbili, saa sita kila moja, ni gigabaiti 540. Harusi saba zinaijaza diski ya terabaiti 4. Ikirekodiwa kwa 1080p ya megabiti 25, harusi ileile ni gigabaiti 135, na diski hiyo inabeba 29. Mteja atakayeangalia video kwenye simu na kwenye flashi ya televisheni hataona tofauti inayolingana na gharama hiyo, kwa hiyo mpangilio wa kamera ni sehemu ya kuchagua vifaa vya kompyuta. Hesabu ileile inaondoa hamu ya SSD zinazotangazwa kwa megabaiti 7,000 kwa sekunde. Mkondo mmoja wa megabiti 100 unahitaji megabaiti 12.5 tu kwa sekunde. SSD ya SATA inatoa zaidi ya 500. Heri kununua SSD ya kasi ya kawaida yenye nafasi kubwa na jina linaloaminika, kwa sababu zile za bei ya chini kabisa huanza kwa kasi kisha, zikipokea mamia ya gigabaiti mfululizo, hupooza chini hata ya diski ya kuzunguka. Na diski yoyote isiyojulikana ijazwe data hadi mwisho kwa programu ya F3 au H2testw kabla ya kuaminiwa, maana zimejaa sokoni flashi na SSD zinazodai terabaiti 2 huku ndani zikiwa na gigabaiti 64, na huwa hazilalamiki: zinaandika picha mpya juu ya za zamani.

Kwenye seva, diski za kuzunguka bado hazina mshindani kwa bei ya kila terabaiti. Ziulizwe jambo moja: zinaandikaje? Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza baadhi ya diski za Red, zilizotangazwa kwa ajili ya seva za nyumbani, zikitumia SMR, uandishi wa njia zinazopandana, bila kumwambia mnunuzi. Diski hizo huzidiwa zinapojengwa upya katika kundi la RAID. Zinazotakiwa ni za CMR, ambazo njia zake hazipandani. Nikishataja RAID, wapo wanaoamini kwamba diski mbili zinazoandika kitu kimoja ni nakala rudufu. Zinaokoa siku diski moja inapokufa. Hazikuokoi na faili ulilofuta kwa bahati mbaya, kwani limefutwa kote kuwili kwa wakati mmoja, wala na mwizi, wala na maji.

Maji, Kilosa, si mfano wa kubuni. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia mjini, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kukata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Januari 2014 mafuriko yakawa ya Dumila na Magole. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Na mtu aliye bondeni mwa Mkondoa ana sababu ya kuizingatia kuliko msomaji wa studio ya ghorofani. Wengine wataniambia nakala ya nje siku hizi hupelekwa mtandaoni. Kwa hati na picha za mnato, sawa. Kwa harusi ya gigabaiti 540 kwenye laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika, ni saa 120, siku tano kamili, pamoja na bei ya bando. Diski ileile ikipanda treni ya SGR Kilosa asubuhi, inashuka Morogoro kwa safari isiyofika saa mbili, na ndugu anaiweka kabatini. Iwe kavu, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, na kila miezi michache ibadilishane na mwenzake ili ya zamani ichomekwe na kusomwa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la laptopu, na sitalipuuza. Ina betri, inabebeka, inakula umeme kidogo. Mwongoza watalii anayeediti akiwa kambini Mikumi na kurudi mjini mara moja kwa wiki hana sababu ya kuunda kitu. Kwake mimi ningeshauri laptopu pamoja na seva ile ndogo nyumbani. Lakini kwa anayekaa mahali pamoja na kurenda saa nyingi, Kilosa na Mikumi ziko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto la Novemba ni kali, na laptopu nyembamba ikishapata moto hupunguza kasi yake yenyewe. Kasha la mezani lenye feni mbili kubwa za mbele na chujio la vumbi linaloweza kuoshwa hufanya kazi hiyo kwa utulivu, na chujio hilo huzuia pia mijusi na sisimizi wanaopenda ujoto wa pawa saplai. Kipande kikiungua, kinabadilishwa kipande. Kwenye laptopu mara nyingi inabadilishwa laptopu.

Fedha za kuunda kompyuta hapa huja kwa awamu, baada ya msimu wa harusi au baada ya mavuno, na mpangilio wa kununua ni muhimu kama vifaa vyenyewe. Awamu ya kwanza ni ethi, UPS na diski mbili za CMR pamoja na kompyuta ya mtumba ya kuzibeba: hapo kazi za zamani ziko salama hata kama uhariri bado unafanyika kwenye mashine dhaifu kwa proksi. Inayofuata ni pawa saplai ya ATX, mazabodi, Core yenye Quick Sync na RAM. SSD ya kazi za wiki huja pamoja nazo. Kadi ya picha iwe ya mwisho, na inunuliwe siku ambayo mhariri ameona kwa macho yake, kwenye kazi yake mwenyewe, ni athari gani inayokwama bila hiyo. Huenda ikawa ni kuondoa chengachenga kwenye picha za usiku, au rangi nzito za Resolve. Wapo watakaofika hapo baada ya mwaka. Wapo wahariri wa harusi ambao hawatafika kamwe, na bajeti ya kadi hiyo itanunua diski ya tatu.